Uliza Kabla Hujamfungulia Mgonjwa Juisi

Saa 10 jioni, geti la hospitali likifunguliwa, watu huingia kwa haraka kama waliokuwa wamezuiwa siku nzima kumwona mtoto wao. Hotpoti mkononi, chupa ya chai kwapani, mfuko wa ndizi mbivu, pakiti ya glukosi, boksi la juisi. Mlinzi anachungulia mfuko, anauliza unakwenda wodi gani, unapita. Baada ya dakika chache kila kitanda kimezungukwa, na juu ya kila kabati dogo la pembeni kimerundikana chakula ambacho mgonjwa hatakimaliza kwa siku tatu. Naipenda sana saa hiyo. Kwetu hatuendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, na sitaki siku ifike tuanze kwenda hivyo.

Naandika kwa sababu ya chupa moja iliyopita getini saa hiyo hiyo, ikiwa imebebwa kwa mapenzi mema kabisa, nusura imwue mama yangu.

Mama ana pumu tangu usichana wake. Alikuwa amelazwa kwa jambo jingine kabisa: aliteleza bafuni akavunjika mguu, akawekwa wodi ya mifupa. Siku ya tatu alikuja jirani yetu, mwanamke aliyezikana nasi na kuozeshana nasi kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa amepanda daladala mbili. Alileta sharubati ya chupa, ile nzito ya kuzimua kwa maji, yenye rangi ya chungwa, na akaizimua palepale bila kuipunja. "Kunywa shoga yangu, urudishe damu," akamwambia. Nyumbani sote tunajua kwamba vitu vya chupa vinamkataa mama. Yeye mwenyewe anajua kuliko sisi. Lakini mgeni amefunga safari, amesimama mbele yako na bilauri mkononi. Ukimrudishia kinywaji chake ni kama umemrudisha mwenyewe mlangoni. Mama akanywa nusu.

Hazikupita dakika kumi na tano akaanza kukohoa. Kikohozi kikageuka mluzi, kifua kikabana, midomo ikabadilika rangi. Manesi walikuja mbio, nawashukuru mpaka leo. Wakamwekea oksijeni, wakamvutisha dawa kwa mashine ya mvuke. Daktari wa zamu akatuuliza swali lililo sahihi: "Amekula nini? Amekunywa nini?" Nasi, kwa hofu, tukajibu kwamba hakuna kipya, amekula chakula chake cha kawaida. Bilauri ilikuwa pale pale kabatini. Hakuna aliyeikumbuka. Basi likalaumiwa lile antibiotiki alilodungwa mchana, likasimamishwa, akabadilishiwa dawa. Ni kesho yake tu, jirani aliporudi na kuishika chupa ile kutaka kumzimulia tena, ndipo mimi na dada yangu tulipotazamana.

Nilikwenda kusoma faili lake kwa ruhusa ya nesi. Kwenye mstari wa mzio paliandikwa: hakuna. Na halikuwa kosa la mtu mmoja. Siku ya kulazwa aliulizwa, "Mama, una aleji ya dawa yoyote?" Akajibu kweli tupu: hapana. Hakuulizwa kuhusu chakula, naye hakudhani chakula ni habari ya daktari.

Hilo ndilo linalonifanya niombe nafasi ya kusema na wewe. Swali moja fupi lilikosekana, na likikosekana kwa mama linaweza kukosekana kwa mzazi wako, kwa mtoto wako, kwako.

Nianze na kilichokuwamo ndani ya chupa. Ukiigeuza utaona maandishi madogo kama chawa, na katikati yake E223, au jina lake refu, sodiamu metabaisalfaiti. Ni mmoja katika ukoo wa vihifadhi vinavyoitwa salfaiti, ambao namba zao zinaanzia E220 mpaka E228. Kazi yao ni kuzuia kinywaji kisichache, tunda lililokaushwa lisigeuke jeusi, kiazi kilichomenywa kisipoteze weupe. Kwa watu walio wengi hazina neno. Lakini miongoni mwa wenye pumu, makadirio yanayotajwa sana na wataalamu ni kuanzia watu 3 hadi 10 katika kila 100 ambao vifua vyao hubana wakizipata. Na vinywaji vichachu ndivyo vyenye hila zaidi: salfaiti ikikutana na uchachu hutoa hewa ya salfadaioksaidi, na mnywaji huivuta kifuani wakati uleule anapomeza. Ndiyo maana mama anaweza kula kipande cha keki yenye zabibu akapata muwasho tu wa koo, lakini nusu bilauri ya sharubati ikamlaza.

Kwetu pwani salfaiti haziko mbali na jiko. Ziko kwenye zabibu kavu za rangi ya dhahabu tunazomwagia pilau. Zabibu nyeusi kwa kawaida zina nafuu. Ziko kwenye kamba wa kugandishwa, maana hutiwa ili magamba yao yasiweke madoa meusi. Ziko kwenye baadhi ya viazi vya chipsi vilivyomenywa kiwandani, kwenye baadhi ya siki, kwenye mvinyo. Kuosha na kupika hupunguza kidogo, hakumalizi.

Marekani walijifunza jambo hili kwa uchungu. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 mikahawa mingi ilikuwa inanyunyizia salfaiti kwenye mboga za saladi ili zionekane zimechumwa asubuhi hiyo, na watu wenye pumu wakawa wanaanguka mezani. Vikahusishwa nazo vifo kadhaa, na mwaka 1986 mamlaka yao ya chakula na dawa ikapiga marufuku kuzitia kwenye matunda na mboga zinazoliwa mbichi. Kiwango cha kimataifa cha lebo za vyakula, kile cha Codex, kinataka salfaiti zikifika miligramu 10 kwa kilo zitajwe kwenye pakiti. Uingereza, ambako wengi wetu tuna ndugu, salfaiti zimo katika orodha ya vitu 14 ambavyo kila anayeuza au kugawa chakula, hospitali ikiwamo, lazima aweze kukwambia kama vimo. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema hizi ni deko za watu wenye pesa, mwambie kwa upole kwamba sheria hizi ziliandikwa kwa sababu kuna watu walikufa.

Si salfaiti peke yake. Kuna rangi ya njano iitwayo tatrazini, E102, ambayo baadhi ya watu huwatoa mabaka ya kuwasha mwili mzima. Imo kwenye rangi ya biriani ya kopo, soda, pipi, juisi za unga. Kuna rangi nyekundu iitwayo kamini, E120, inayotengenezwa kutokana na mdudu, nayo kwa watu wachache huleta mzio mkali wa kweli. Kuna benzoeti, E210 hadi E213, za kuhifadhi soda na sosi ya nyanya. Na kuna ile yenye kesi ndefu kuliko zote, E621, chumvi ya ladha iliyomo kwenye vidonge vya kuungia mchuzi, ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliigundua mwaka 1908 alipochunguza utamu wa mchuzi wa mwani. Tangu mwaka 1968 imesingiziwa mambo mengi. Katika majaribio ambayo watu hawakuambiwa kama wamepewa au hawakupewa, wengi waliodhani inawadhuru hawakuonyesha dalili zilizojirudia. Wachache walisikia kichwa kuuma au joto la uso walipopewa nyingi bila chakula. Naisema ili tuwe wa haki. Mtu akiogopa kila namba yenye herufi E ataishia kuogopa hata vitamini C, maana nayo ina namba yake, E300.

Mara nyingi, tena, si mzio kwa maana kamili ya mwili kujihami. Ni kutovumilia: kiasi kidogo kinapita, kikizidi kinaleta shida. Hapo ndipo hospitali inapokuwa mahali pa hatari kuliko nyumbani. Nyumbani mgonjwa amezoea kiasi chake. Hospitalini mwili umechoka, kifua kimelala kitandani siku nyingi, na vinavyokuja vinakuja kwa mkupuo: dawa ya maji yenye rangi asubuhi, soda ya mjomba mchana, biskuti za kanisani jioni, juisi ya unga usiku. Kila kimoja peke yake labda kingepita.

Chakula cha jiko la hospitali zetu za umma mara nyingi hulalamikiwa kwamba hakina ladha. Ugali, maharage, wali mweupe, mchicha, uji. Kwa mtu wa hali ya mama, chakula hicho ni rehema. Hakina rangi ya kopo wala kihifadhi cha kusumbua, na pengine kitu pekee cha kuuliza ni kama mchuzi umetiwa vidonge vya kuungia. Hatari inaingia na sisi, kupitia getini, ndani ya mifuko yetu ya upendo, na kutoka kwenye vibanda vya nje ambako tunanunua kwa haraka kile kilicho karibu kwa sababu tumetoka kazini na hatukupata muda wa kupika.

Kwa hiyo wito wangu wa kwanza nauleta kwako wewe unayekwenda kumwona mgonjwa. Piga simu kwanza. Usimpigie mgonjwa, maana atakwambia "lete chochote tu, mwanangu". Mpigie anayemuuguza, umwulize: anaruhusiwa kula nini? Kisha umpelekee hicho. Papai lililoiva, ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha, chungwa la kumenya mwenyewe mbele yake, mtori uliopikwa kwa ndizi na nyama na kitunguu na chumvi yake tu. Dafu pia ni zuri, ila mwenye figo asipewe bila kuuliza, kwa kuwa lina potasiamu nyingi. Ukitaka mchuzi uwe na rangi, bizari ya manjano inatosha. Ukitaka uchachu, limau lililokamuliwa sasa hivi halina kihifadhi. Na kama umeshafika na boksi lako mkononi ukaambiwa halifai, lipokee hilo bila kununa, umpe muuguzaji anywe yeye nyumbani. Bado umekuja, na mgonjwa amekuona.

Nakuomba pia jambo ambalo kwa desturi zetu ni gumu: usimsimamie mgonjwa mpaka amalize. "Kula kidogo tu kwa ajili yangu" ni maneno matamu, lakini yanamweka mtu aliye dhaifu kati ya afya yake na heshima yako. Mama alikunywa ile nusu bilauri kwa heshima.

Sasa wewe uliye na mgonjwa wa namna hii nyumbani, au ndiwe mwenyewe. Chukua karatasi leo, kabla ya homa, kabla ya kuvunjika, kabla ya uchungu wa kujifungua. Andika kitu kinachokudhuru, kinakufanya nini, baada ya muda gani, mara ya mwisho ilikuwa lini, na nini kilikusaidia. Karatasi ya mama sasa inasomeka hivi: "Nina pumu. Salfaiti (E220–E228) katika vinywaji, zabibu kavu na kamba hunibana kifua ndani ya dakika 15. Oktoba nilihitaji oksijeni na dawa ya kuvuta. Limau na chungwa halisi sina shida nayo. Sina mzio wa dawa za salfa." Imeandikwa kwa herufi kubwa. Nakala moja iko kwenye kadi yake ya kliniki, moja kwenye pochi, moja ameipiga picha kwenye simu ya dada yangu.

Ile sentensi ya mwisho tuliiongeza baada ya kuona kitu cha kutisha. Mara ya kwanza tulipoeleza kwa mdomo kwamba mama hapatani na salfaiti, nesi aliyekuwa na wagonjwa thelathini aliandika "aleji ya salfa". Kwa sikio ni neno lilelile. Lakini dawa za salfa, kama SP ambayo wajawazito hupewa kuwakinga na malaria, au kotrimoksazoli, ni kitu kingine kabisa na salfaiti za kwenye juisi. Asiyepatana na hii si lazima asipatane na ile. Na kuna la tatu linalofanana nayo: salfeti, kama magneziamu salfeti inayodungwa mama mwenye kifafa cha mimba, na ambayo pia humsaidia mgonjwa wa pumu iliyozidi. Fikiria mtu anyimwe dawa ya kumwokoa kwa sababu silabi mbili zilisikika vibaya. Andika. Usitegemee sikio la mtu aliyechoka. Na ukishaandikiwa kwenye faili, omba uonyeshwe kilichoandikwa.

Ukiwa hujui hasa ni kitu gani kinachokusumbua, usibahatishe ukaorodhesha vitu ishirini. Orodha ndefu isiyo na ushahidi huwafanya wahudumu wasiiamini hata ile sehemu ya kweli. Weka daftari kwa wiki chache: ulichokula, saa ngapi, kilichotokea, saa ngapi. Soma pakiti na unakili namba zake. Kisha mpelekee daktari daftari hilo. Kupima kwa kuonja, yaani kujilisha makusudi ili uone, usikufanye nyumbani kama una pumu au umewahi kuvimba koo. Hilo ni kazi ya hospitali, palipo na oksijeni karibu.

Na dawa nazo, kwa sababu watu husahau kwamba dawa ina viungo kama chakula. Ile ya maji ya watoto, nyekundu au njano, ina rangi, ina sukari, mara nyingi ina kihifadhi. Kapsuli ina rangi kwenye ganda lake. Baadhi ya sindano, zikiwamo baadhi za ganzi ya meno zilizochanganywa na adrenalini, zina salfaiti ndani yake. Mtu wa kumwuliza ni mfamasia. Ndiye mwenye kikaratasi kile chembamba kilichokunjwa ndani ya boksi, na mara nyingi ipo dawa ileile ya kampuni nyingine isiyo na rangi, au kidonge cheupe badala ya maji mekundu. Kabla ya upasuaji mwambie daktari wa usingizi, kwa mdomo na kwa karatasi. Lakini nisikilize hapa vizuri, kwa sababu nimeona hofu ikizidi: mtu akiwa katika hatari, koo limevimba au pumzi inakata, na daktari akasema anamdunga adrenalini, usimzuie. Adrenalini ya sindano inaweza kuwa na chembe ya salfaiti, na bado ndiyo dawa ya kumwokoa hata mwenye shida ya salfaiti. Maelekezo ya dawa yenyewe yanasema hivyo. Karatasi yako ni ya kuwasaidia madaktari kuchagua pale penye nafasi ya kuchagua. Isiwe ukuta.

Manesi na madaktari wetu, nawaambia kwa heshima na kwa mapenzi. Nimekaa kwenye wodi zenu usiku, nimeona mtu mmoja akizunguka kutoka kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho bila kukaa. Sitaki kuwaongezea mzigo wa fomu. Naomba maneno machache tu yaongezwe kwenye swali mnalouliza tayari. Badala ya "Una aleji ya dawa yoyote?", ulizeni: "Kuna dawa, chakula au kinywaji chochote kinachokudhuru?" Mkiandika, andikeni kwa wino mwekundu juu ya jalada la faili na kwenye kikaratasi cha kitandani, ili anayeingia zamu ya usiku akione bila kufungua kurasa. Mkikabidhiana zamu, litajwe pamoja na dripu na dawa za saa 12. Na mgonjwa akibadilika ghafla jioni, angalieni kabatini kwake kabla hamjailaumu dawa. Mama alibadilishiwa antibiotiki kwa kosa la sharubati, na jina la dawa ile lingebaki kwenye faili lake kama adui mpaka mwisho wa maisha yake kama tusingerudi kulifuta.

Wenye jiko la hospitali na mama ntilie wa nje ya geti, ninyi mnalisha wagonjwa wengi kuliko mnavyofikiri. Muuguzaji aliyetoka mkoani hana jiko. Chakula cha mgonjwa wake ni chako wewe. Ukiulizwa kama mchuzi una vidonge, kama wali una rangi, jibu kweli. Ukiweza, tenga sufuria moja ndogo ya mchuzi wa nyanya mbichi na kitunguu, bila kingine. Nina hakika itaisha kabla ya ile kubwa, maana hata wenye shinikizo la damu wataitafuta.

Viwanda vyetu navyo vina deni. Lebo inayosomeka kwa darubini haimsaidii mama wa miaka sitini na saba aliyesahau miwani nyumbani. Neno "kihifadhi" peke yake halitoshi, kihifadhi gani? Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, baada ya kazi hiyo kuondolewa TFDA, ambayo ilibaki na dawa na vifaa tiba na kuitwa TMDA. Kenya ni KEBS. Ofisi hizi hupokea malalamiko ya raia. Ukikuta chupa isiyotaja kilichomo, au iliyotaja kwa lugha ambayo hakuna mnunuzi wa mtaani anayeisoma, ipige picha, andika tarehe na duka, peleka. Mimi nimepeleka moja. Ningependa siku moja niione sentensi fupi ya Kiswahili mbele ya chupa, si nyuma: "Ina salfaiti." Sentensi hiyo ingetosha kumzuia jirani yetu pale dukani, kwa sababu alikuwa anajua kabisa kwamba mama ana pumu. Ambacho hakujua ni kwamba pumu na ile chupa vina uhusiano.

Nimemtaja sana jirani huyo, na sitaki aonekane mkosaji. Alipoambiwa alikaa chini sakafuni pale wodini akalia, na mama ndiye aliyekuwa anambembeleza, mguu ukiwa umening'inizwa. Kwa wiki mbili hakuja. Mama akanituma nikamfuate, nikamkuta hataki hata kunitazama. Tukakaa naye kibarazani tukasoma pamoja kila kopo na kila pakiti iliyokuwa jikoni kwake, mimi nikisoma namba, yeye akizipanga pembeni. Alikuwa na mjukuu anayetokwa na mabaka kila sikukuu, na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini sikukuu tu.

Mwaka huu mama amelazwa tena, safari hii kwa presha, hospitali nyingine. Nesi wa mapokezi, binti mdogo, aliisoma karatasi yake mpaka mwisho, akauliza, "Na zabibu za kwenye keki je, bibi?" Mama akafurahi kama aliyeulizwa habari za wajukuu, akamweleza yote. Yakaandikwa kwa wino mwekundu. Jioni ile, nikiwa nimekaa kando ya kitanda, simu yangu ikaita. Alikuwa jirani, amesimama sokoni, nasikia kelele za wachuuzi nyuma yake.

"Mwanangu, niko hapa kwa muuza mapapai. Nimwambie anikatie, au nilete zima nimmenyee mwenyewe hukohuko?"

Nikamwambia alete zima.

"Haya. Mwambie nakuja. Na kisu nabeba."